Tawi la Tatu la Mbuzi

Nilianguka anatomia, na nilianguka vibaya. Sio ile ya kukosa kidogo ukalaumu joto la siku hiyo. Nilianguka mpaka mwalimu aliyetoa matokeo akanitazama kwa huruma, na mimi huruma ya namna ile sitaki hata ya bure. Chuo chetu cha uuguzi kilikuwa na sheria moja ambayo kila mwanafunzi aliijua kabla ya kujua choo kiko wapi: ukianguka somo unarudia mara moja tu, kwa mdomo, mbele ya watahini wawili. Ukianguka na hiyo ya kurudia, unakunja godoro na kwenda nyumbani.

Na nyumbani kwangu si mbali. Ni hapo Chechelesi, mtaa wa hapa hapa Isiolo, ambapo kila mtu alikuwa ameniona nikipita asubuhi na sare nyeupe, shingo imenyooka. Nilikuwa mama wa watoto wawili tayari. Nilikuwa nimeuza maziwa ya ngamia miaka na miaka, na siku niliposema naenda kusomea uuguzi, kuna waliocheka mbele ya macho yangu. Eti mwanamke mzima anaenda kukaa deski moja na watoto! Nikirudi sokoni na mitungi, wasingehitaji hata kucheka. Wangenunua maziwa yao na kuniuliza kwa upole habari ya masomo. Hilo la upole ndilo lililoninyima raha.

Kilichoniangusha ni njia ya hewa. Moyo niliuelewa, mifupa niliipenda, figo hazikunisumbua. Lakini hiyo barabara ya hewa kutoka kooni mpaka mapafuni ilinikataa kabisa. Karatasi tuliyopewa ilikuwa kopi ya kopi ya kopi. Mwalimu alisema mchoro ule ni wa mti uliopinduliwa, shina juu na matawi chini. Mimi niliona doa jeusi tu, na pembeni maneno yanayoelekezwa kwa mishale gizani. Nikakariri maneno. Siku ya mtihani maneno yakanikimbia yote, hata moja halikubaki kunitetea.

Nilimwambia mama yangu kwa sababu hakukuwa na namna ya kumficha. Mama ni mfanyabiashara wa mbuzi, na si mtu mnyenyekevu hata kidogo. Sokoni akisema mbuzi huyu ana mimba, watu hawabishani naye, si kwa kuwa hakosei, bali kwa kuwa ukimbishia utasimama hapo mpaka adhuhuri.

"Umeshindwa na nini hasa?" akaniuliza.

"Mapafu, Ayo." Kwetu Waborana mama ndiye ayo.

"Somba?" Akaniangalia kama mtu aliyeletewa mbuzi mwenye miguu mitatu. "Wewe? Umekula somba tangu uote meno, leo ushindwe na somba?" Akacheka mpaka shashi, mtandio wake wa kichwani, ikamwanguka mabegani. Nilikasirika, nikamwambia hakuna cha kuchekesha, nikifeli tena ni basi. Akapangusa machozi. "Ndugu yako anakuja kesho na bibi yake kutoka Garbatulla," akasema. "Mbuzi atachinjwa. Hiyo somba haikatwi na mtu. Ni ya masomo."

Kesho yake ndugu yangu alichinja, na mama akasimama juu yake kama askari mpaka mapafu yakatoka mazima, bomba la hewa likining'inia juu yake. Wifi yangu, mke wa ndugu yangu, alikuwa ameshakata vitunguu. Huyu mwanamke anapenda mapafu ya kukaanga kuliko anavyompenda ndugu yangu, na anasema hivyo hadharani. Alipoona sinia linapita jikoni bila kusimama, akatufuata na kisu mkononi.

"Mnayapeleka wapi?"

"Shule," mama akasema.

Tukakaa barazani. Nilikuwa na ile karatasi yangu, wembe mpya na hamu ya kupasua. Kabla sijagusa, mama akanipiga kofi la mkono. "Usikate! Ukikata unaona kipande. Ukipuliza unaona yote." Tukayasuuza mpaka damu ikaisha, akachomeka kipande cha paipu ya maji ndani ya lile bomba, akalifunga kwa uzi, akavuta pumzi, akapuliza.

Aki, ningekuwa na maneno! Yale mapafu yaliyokuwa yamelala siniani yakaamka. Yakaumuka taratibu kama mandazi kwenye mafuta, yakawa makubwa, mepesi, rangi ya waridi, mpaka yakajaza sinia. Watoto wote wa plotini wakapiga kelele. Wifi akasahau vitunguu. Na mimi, mtu mzima, nilipiga makofi.

Mama akanipa paipu. Nikapuliza mpaka masikio yakaziba. Kisha nikaanza kupapasa kwa vidole, karatasi iko gotini. Bomba lilikuwa gumu mbele na pembeni, limejengwa kwa pete za gegedu moja juu ya nyingine, lakini mgongoni mwake lilikuwa laini. Nikatazama karatasi: ndiyo, pete hazifungi duara, ziko kama herufi C. Nilikuwa nimelikariri jambo hilo bila kujua ni kwa nini. Mama akanionyesha umio, njia ya chakula, umelala palepale nyuma kwenye ulaini. "Tonge likipita linataka nafasi," akasema. "Sasa kama pete ingezunguka yote, si ungekwama na ugali kila siku?" Tangu saa hiyo sijawahi kusahau.

Tukashuka mpaka njia panda, pale bomba linapogawanyika kwenda mapafu mawili. Ndani yake kuna kaukuta kembamba katikati, kanakoigawa hewa. Karatasi ilisema kwamba kwa mtu tawi la kulia ni fupi, pana na limesimama karibu wima, na la kushoto ni refu na jembamba, limelala zaidi kwa kuwa linapaswa kuupisha moyo. Ndiyo maana mtoto akivuta ushanga kwa bahati mbaya, mara nyingi utamkuta kulia. Nikafunga tawi la kushoto kwa uzi, nikapuliza. Kulia kukapanda, kushoto kukalala. Wallahi nilicheka peke yangu. Nilikuwa naona kwa macho kitu nilichokuwa nakiimba kama kasuku.

"Funga na la kulia," mama akasema. "Tuone kama kuna kitakachopanda."

Nikafunga na la kulia, chini tu ya njia panda. Nikapuliza, nikijua hakuna kitakachotokea.

Sehemu ya juu ya pafu la kulia ikapanda.

Wifi akapiga ukelele. Mama akasema nimefunga vibaya, kwamba tangu utotoni sijui kufunga hata mbuzi. Nikafungua, nikafunga upya, yeye mwenyewe akakaza. Tukapuliza. Yote yamelala isipokuwa ile ya juu kulia, inapanda na kushuka bila wasiwasi, kana kwamba haituhusu. Tukabadilisha uzi. Ikapanda. Mwishowe nikapapasa bomba lenyewe kutoka juu, polepole, na kabla ya kufika njia panda kidole changu kikagonga kitawi kidogo upande wa kulia, kinatoka moja kwa moja bombani na kuingia juu ya pafu. Tawi la tatu!

Nikachukua karatasi. Haikuwa na tawi la tatu. Mahali lilipopaswa kuwa palikuwa na lile doa jeusi.

"Hii karatasi imekosea, ama?" nikauliza.

Mama hakusita. "Karatasi imeandikwa na mtu. Mbuzi ameumbwa na Mungu. Kati ya hao wawili, nani anaweza kusahau?"

Hoja ilikuwa nzito. Kopi ya kopi ya kopi ingeweza kumeza tawi zima, nani angejua? Nikatoa kalamu nyekundu na kulichora tawi la tatu juu ya lile doa, nikaandika na jina lake pembeni kwa herufi kubwa. Kisha wifi akapata mapafu yake. Aliyakaanga na vitunguu na pilipili, na mimi nikala somo langu lote mpaka njia panda.

Siku zilizofuata zilikuwa za raha, nasema ukweli. Mama alinifanya mradi wake. Nikipita soko la mifugo kumpelekea chai, alikuwa akinipigia kelele kutoka katikati ya mbuzi: "Ya kulia!" Nami najibu kwa sauti: "Fupi, pana, wima!" "Ya kushoto!" "Refu, nyembamba, imelala!" "Na kabla ya njia panda?" "Tawi la tatu!" Wanunuzi walisimama kutusikiliza. Mzee mmoja akauliza kama hizo ni bei mpya. Baadaye hata wauzaji wenzake walijua majibu, na nikichelewa kujibu walinisaidia, sauti zikitoka kila upande wa zizi. Kwa mara ya kwanza tangu nianze chuo niliona nimeiva.

Asubuhi ya mtihani mama alinisindikiza mpaka barabarani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku ya harusi yangu. Alininyoosha kola tu, akaondoka haraka.

Watahini walikuwa wawili. Mmoja alikuwa daktari wa kutoka upande wa Meru, amevaa tai ndani ya joto lile, mtu ambaye wanafunzi walisema hakuna aliyewahi kuyaona meno yake. Wa pili alikuwa muuguzi mkuu, mama wa makamo mwenye buibui. "Habari ya asubuhi," nikamwambia yule. "Salaam aleikum," nikamwambia huyu. Mezani palikuwa na kifua cha plastiki kinachofunguka, mapafu ndani yake yameegemezwa pembeni ya moyo.

"Nichukue," daktari akasema, "mimi ni hewa. Nipeleke kutoka kooni mpaka pafuni."

Nikamchukua. Nilimpitisha kwenye kikoromeo, nikamteremsha bombani, nikamhesabia pete na kumweleza kwa nini haziungani nyuma, nikatumia hata mfano wa ugali. Yule mama mwenye buibui akaitikia kwa kichwa kidogo, kama mtu anayefurahia lakini hataki ijulikane. Maneno yalikuwa yanatoka bila kusukumwa. Moyo wangu ukatulia. Na hapo, kwa sauti ya mtu aliyeshinda tayari, nikasema: "Lakini kabla hatujafika njia panda, daktari, kuna tawi la tatu. Linatoka bombani upande wa kulia na kwenda sehemu ya juu ya pafu."

Daktari akaweka kalamu mezani.

"Rudia."

Nikarudia. Kwa sauti kubwa zaidi, maana ndivyo nilivyo: nikitiliwa shaka napandisha sauti.

"Umeyasoma wapi hayo?"

Nikaona jinsi alivyonitazama, nikajua nimekosea. Sikujua ni wapi, lakini nilijua. Ningeweza kusema nimechanganyikiwa, ni woga tu, nisamehewe. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na daktari huyu angenifikisha mwisho wake kwa swali moja.

"Kwa mbuzi," nikasema.

Yule mama akavuta ncha ya buibui na kufunika mdomo.

"Mbuzi," daktari akasema.

"Ndiyo. Mbuzi wa mama yangu."

"Na wodini, mgonjwa wako atakuwa mbuzi?"

Hapo damu ikanipanda. Niliona mitungi ya maziwa ikiningoja, niliona wale wa upole wakinunua, na badala ya kulia nikawa mkali. "Daktari, unikatae kama unakataa. Lakini sikukariri hili, na sikulitunga. Nilifunga tawi la kushoto kwa uzi, nikapuliza, kushoto kukalala. Nikafunga na la kulia, nikapuliza, vyote vikalala isipokuwa sehemu ya juu ya kulia. Nikafungua nikafunga tena. Nikabadilisha uzi. Ikapanda kila mara. Kwa hiyo hewa ilikuwa na njia nyingine, nikaitafuta kwa kidole mpaka nikaipata. Kama ni makosa, nionyeshwe."

Daktari akavua miwani, akaifuta kwa tai yake. Kisha akakisukuma kile kifua cha plastiki mpaka mbele yangu.

"Huyu si mbuzi," akasema. "Jionyeshe mwenyewe."

Nikayatoa mapafu. Vidole vilijua kazi. Nikalipapasa bomba kutoka juu, upande wa kulia, pete kwa pete. Hakuna kitu. Nikarudi juu nikashuka tena. Laini kabisa mpaka njia panda. Nikaingiza kidole kwenye tawi la kulia, na pale mlangoni tu, kabla sijaingia vizuri, nikalipata. Tawi la sehemu ya juu. Halikupotea na halikumezwa na kopi yoyote. Kwa mtu lilikuwa limeshuka, linaanzia ndani ya tawi la kulia baada ya njia panda, wakati kwa mbuzi linaanzia juu bombani.

"Kumbe!" nikasema, na nilikuwa nimesahau kabisa kwamba naulizwa mtihani. "Ni lilelile, ila hapa limehama! Kwa mbuzi lina mlango wake. Kwa mtu linatumia mlango wa kulia na wenzake."

"Kwa hiyo," daktari akasema polepole, "mgonjwa amewekewa mrija wa kumsaidia kupumua. Mtu ameusukuma ndani kupita kiasi. Umeingia wapi?"

"Kulia. Kupana, tena wima."

"Na utasikia nini ukimsikiliza kifua?"

"Kushoto kumenyamaza." Hapo ndipo karatasi iliishia. Lakini mimi nilikuwa bado nimeshika lile tawi kati ya vidole, na nikaona ule mrija kana kwamba ni uzi wangu. "Na si kushoto peke yake, daktari. Mlango wa sehemu ya juu ya kulia uko hapa karibu sana. Mrija unaweza kuupita na kuuziba. Kwa hiyo hata juu kulia panaweza kunyamaza. Kwa mbuzi ungepitwa mapema zaidi, kwa sababu wake uko juu."

"Utafanya nini?"

"Nitaita msaada upesi, mrija uvutwe nyuma mpaka juu ya njia panda. Halafu nitasikiliza tena, pande zote mbili."

Akaandika. Akaandika kwa muda ambao naweza kuapa ulikuwa mrefu kuliko masomo yangu yote. Yule mama akajiinamia kwenye karatasi zake, mabega yanatikisika. Sikujua anacheka ama ana kikohozi.

"Umepita," daktari akasema bila kuinua kichwa. Nikabaki nimekaa. Akainua kichwa. "Nimesema umepita, mama. Nenda nyumbani. Nisalimie mbuzi."

Na meno yake nikayaona. Yako yote, tena mazuri.

Sijui nilifikaje sokoni. Nakumbuka tu kwamba nilikimbia na sare nyeupe katikati ya vumbi, mbuzi wananipisha, na wauzaji walipoona uso wangu wakaanza kushangilia kabla sijasema neno. Mama akanishika kwa mabega yote mawili. "Sema."

"Nimepita, Ayo."

Akapiga vigelegele vya kuwashtua mbuzi wote wa Isiolo. Akaniinamia shingoni, akanikumbatia, akanisukuma, akanikumbatia tena. Akawaambia walio karibu kwamba yeye ndiye mwalimu. Nilimwacha ajisifu vya kutosha, halafu nikamwambia ukweli wote: kwamba mtu hana tawi la tatu, kwamba nusura linirudishe kwenye maziwa.

Nilifikiri atabisha. Alikaa kwenye kigoda chake, akafikiri.

"Kwa hiyo mbuzi alitudanganya?" akauliza mmoja wa wauzaji.

"Mbuzi hakudanganya mtu," mama akasema kwa hasira. "Sisi ndio tulimwuliza habari za binadamu."

Kisha akanigeukia na akajivuta mbele kidogo kwenye kigoda. "Haya. Binadamu mimi hapa. Nisome." Akaishusha shashi mpaka kiunoni, akanipa mgongo. Mama yangu, ambaye hajawahi kumruhusu mtu yeyote wa hospitali amguse, hata siku aliyokohoa wiki nzima.

Nikapiga magoti kwenye vumbi na kuweka sikio juu ya dera lake, upande wa kulia, juu. Sikusikia kitu. Nikahamia kushoto. Kimya. Nikarudi kulia, nikashuka chini, kimya vilevile. Furaha yote ya siku ile ikanitoka. Nikainuka nikamtazama usoni, nikamkuta amefumba macho, mashavu yamejaa, uso umeanza kuwa mwekundu.

Alikuwa amebana pumzi. Hakutaka kunisumbua nikifanya kazi.

"Pumua, Ayo," nikamwambia, na nikarudisha sikio haraka.